Sura ya 6: Ini Ndilo Linaloumwa, Kichwa Kimeingiaje?

"Daktari, mimi nimeleta mgonjwa wa ini. Sasa huu wendawazimu umetoka wapi?"

Swali hili huulizwa na wake, watoto na ndugu waliomleta mtu hospitali akiwa amefungwa kanga mikononi ili asijiumize. Ni swali la haki. Ini liko chini ya mbavu upande wa kulia, ubongo uko juu kabisa, na katikati kuna shingo. Vinahusianaje?

Tumchukue mzee mmoja wa Makoko, Musoma. Si mtu mmoja wa kweli. Nimemshona kwa vipande vya wagonjwa wengi ili tusimwanike yeyote. Ana miaka 58. Amevua tangu utotoni, sangara kwanza, dagaa baadaye. Miaka mitatu iliyopita alitapika damu, akaambiwa ini lina makovu na wengu, yaani bandama, umevimba. Alipewa dawa, akapata nafuu, akarudi mwaloni.

Wiki mbili sasa mambo hayaendi sawa. Usiku anatoka uani, anakunjua wavu, anaukunja, anaukunjua tena. Mchana analala ameketi, kikombe cha chai mkononi. Jumanne alikosea namba ya siri ya simu mara tatu mpaka pesa zikafungiwa. Alhamisi alimtukana mkwewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Jumamosi asubuhi mkewe alimkuta amekaa kitandani, ametia miguu kwenye mikono ya shati, anavuta kwa nguvu na kushangaa kwa nini suruali haipandi.

Kikao cha ukoo kimekaa. Mmoja anasema malaria imepanda kichwani. Mwingine anamtaja jirani waliyegombana naye kuhusu mahali pa kutega nyavu. Wa tatu anasema ni uzee. Mama watoto peke yake ndiye anayetaja jambo lililopita bila mtu kulijali: mzee hajapata choo siku ya nne sasa.

Tulishike hilo la choo, tutalirudia.

Forodha ya Sirari na njia za panya

Chakula kikishasagwa, virutubisho vyake vingi huingia kwenye damu ya utumbo. Damu hiyo haiendi moja kwa moja moyoni wala kichwani. Hukusanywa kwenye mshipa mmoja mnene ambao hapa tutauita mshipa mkuu wa ini, na kupelekwa kwenye ini kwanza. Ukiwa mtu wa Mara, fikiria kituo cha forodha cha Sirari. Mzigo unaotoka upande wa pili unasimama, unakaguliwa, kinachofaa kinaruhusiwa, kisichofaa kinazuiwa. Ini ndiyo Sirari ya mwili.

Miongoni mwa vitu vinavyofika hapo ni amonia. Hii ni hewa yenye harufu kali, ile inayokuchoma pua ukifungua banda la kuku lililofungwa usiku kucha. Ndani ya utumbo huzalishwa hasa na bakteria, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinapovunjavunja protini. Protini ni ile sehemu ya chakula inayojenga mwili: samaki, maharage, maziwa, nyama. Kila mtu mzima hutengeneza amonia kila siku, na kila siku ini lake huigeuza kuwa yurea. Ndiyo, yurea ileile ambayo mkulima wa Butiama hununua kwa mfuko kukuzia mahindi. Mwilini haina kazi ya kukuza chochote. Huingia kwenye damu, hupita kwenye figo na kutoka na mkojo.

Forodha inaweza kushindwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni maofisa kupungua: sehemu kubwa ya ini imekufa na makovu yameshika nafasi ya nyama hai. Hali hiyo huitwa sirosisi. Ya pili ni maofisa kuwapo lakini barabara imezibwa, kwa hiyo damu inatafuta njia za panya. Mishipa midogo iliyokuwa haina kazi hutanuka na kuanza kuibeba damu ya utumbo kwa kuzunguka ini, bila ukaguzi, hadi kwenye mzunguko mkubwa wa damu. Wagonjwa wengi wana yote mawili kwa viwango tofauti.

Amonia iliyokwepa ukaguzi hufika kichwani. Huko kuna seli zinazolea na kusaidia neva. Seli hizo hujaribu kuimeza sumu hiyo, na katika kuimeza huvuta maji na kuvimba. Ujumbe kati ya neva unakwenda polepole, unapotea, unachanganyika. Madaktari huita hali hii ensefalopathi ya ini, maana yake ni ubongo kuvurugika kwa sababu ya ini.

Neno muhimu ni kuvurugika. Kwa mgonjwa wa aina ya mzee wetu ubongo haujaoza wala haujapasuka, umelewa. Ndiyo maana mtu asiyemtambua mkewe Jumamosi anaweza, Jumanne, kuuliza bei ya dagaa imefika wapi.

Mbwa aliyetoroka

Hadithi ya kugundua jambo hili ilianza na mbwa. Mwaka 1877, mjini St. Petersburg nchini Urusi, daktari Nikolai Eck aliwapasua mbwa wanane na kuunganisha mshipa mkuu wa ini na mshipa mwingine mkubwa, ili damu ya utumbo isipite kwenye ini. Alitengeneza njia ya panya kwa makusudi. Mbwa saba walikufa mapema. Wa nane aliishi miezi miwili na ushee, kisha akatoroka. (Sijui kama kuna mbwa mwenye haki zaidi ya kutoroka.)

Mwaka 1893 Ivan Pavlov, yuleyule ambaye baadaye alisifika kwa majaribio ya mate ya mbwa, aliirudia kazi hiyo pamoja na wenzake. Wakaona kitu cha ajabu. Mbwa waliofanyiwa upasuaji huo wakila nyama walibadilika tabia: ukali, kuyumba, kutoona vizuri, mwishowe degedege na kuzimia. Huko ndiko amonia ilikoanza kushukiwa.

Mbwa hao walitufundisha mengi, lakini pia waliwapotosha madaktari kwa miongo mingi kuhusu chakula. Tutafika huko.

Kwa nini kando ya ziwa hili?

Katika nchi nyingi sababu kubwa za ini kuharibika ni pombe, homa ya ini na, siku hizi, mafuta kujaa kwenye ini. Mkoa wa Mara nao una pombe na homa ya ini, lakini una la kwake la ziada: kichocho cha tumbo.

Watu wengi wakisikia kichocho hufikiria mkojo wa damu. Hicho ni cha kibofu. Cha tumbo hukaa katika mishipa ya utumbo, na Ziwa Victoria ni nyumbani kwake. Mayai yake hutoka na choo, huanguliwa majini, na vijidudu vyake huingia ndani ya konokono wadogo wa pembezoni mwa ziwa. Hutoka humo vikimtafuta mtu. Aliyesimama majini Mwigobero akifua, anayesukuma mtumbwi Guta, mtoto anayeogelea Majita, wote hupenywa ngozi bila kusikia maumivu.

Minyoo wakishakomaa hukaa wawili wawili, dume na jike, kwa miaka. Jike hutaga mamia ya mayai kwa siku. Sehemu hutoka na choo; sehemu huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, hukwama, na mwili huyajengea ukuta wa makovu. Mwaka hadi mwaka makovu hayo huikaba mishipa ndani ya ini. Shinikizo la damu nyuma yake linapanda, wengu unavimba, maji yanaweza kujaa tumboni, na mishipa ya chini ya koo la chakula inatanuka kama mpira wa baiskeli uliochoka. Siku moja mshipa mmoja unapasuka, mtu anatapika damu beseni zima.

Lipo jambo ambalo hata baadhi ya wahudumu wa afya hulisahau. Kichocho hukaba barabara kuliko kinavyoua maofisa. Seli za ini huendelea kufanya kazi kwa kiasi kizuri kwa muda mrefu. Kwa hiyo mgonjwa wa kichocho pekee anaweza kuishi miaka na wengu mkubwa, akili timamu, halafu avurugike ghafla baada ya kutapika damu. Kwa nini baada ya damu? Kwa sababu damu inayoshuka tumboni imejaa protini. Bakteria wa utumbo huipokea kama karamu, na amonia hupanda kwa saa chache.

Mambo huwa mabaya zaidi kichocho kinapokutana na wenzake. Homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa damu, kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi yake mwaka 2002, kwa hiyo watu wazima wengi wa leo hawakuipata chanjo hiyo utotoni. Gongo nayo haihitaji utambulisho. Mvuvi mwenye makovu ya kichocho, kirusi cha B na chupa ya gongo kila jioni ana barabara iliyozibwa na maofisa waliokufa.

> Kwa ufupi: Ini husafisha amonia inayotoka utumboni. Likiharibika, au damu ikilizunguka, amonia hufika kwenye ubongo na kuulewesha. Mara nyingi ulevi huo huondoka ukitibiwa mapema.

Dalili huanza kitandani

Hali hii huingia kwa kunyata. Hatua ya kwanza haionekani na daktari. Huonekana na anayelala chumba kimoja na mgonjwa. Usiku unakuwa mchana na mchana usiku. Mtu mpole anakuwa na hasira, mchangamfu anakuwa kimya, mwangalifu wa hela anatoa noti ya elfu kumi na hasubiri chenji. Mwandiko unaharibika. Fundi anashindwa kufunga vifungo.

Kisha mikono. Mwambie mgonjwa anyooshe mikono mbele, akunje viganja juu na kutanua vidole, kama trafiki anayesimamisha basi. Mwache hivyo nusu dakika. Viganja vikianza kudondoka na kuinuka, kudondoka na kuinuka, kama bawa la ndege aliyechoka, ujumbe wa ubongo kwenda kwenye misuli unakatika kwa vipande. Wengine pumzi yao hunuka harufu tamu yenye uvundo ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau.

Baada ya hapo hajui siku wala mahali alipo, anaongea ovyo, anavaa shati miguuni. Mwisho ni usingizi mzito, na baada ya usingizi mzito ni kuzimia kabisa.

Kuna kipimo kidogo kisicho na mashine wala sindano ambacho madaktari wa ini hukitumia. Shika saa, mwambie mgonjwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, bila kurudia. Anayetaja zaidi ya 15 kwa kawaida yuko salama kwa upande huu. Chini ya 10, kwa mtu mwenye ugonjwa wa ini, ni dalili ya kumpeleka hospitali leo. Katikati, kaa macho. Kwa mtu wa Bunda, aliyekua jirani na Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, ningetarajia nyumbu na pundamilia watoke bila kufikiri. Mvuvi akianza na sato, kamongo na mumi, hesabu pia. Samaki ni mnyama. Cha maana zaidi ni kumlinganisha na yeye mwenyewe. Wiki iliyopita alitaja 18, leo ametaja "ng'ombe, mbuzi, ng'ombe" akanyamaza na kutazama dari.

Nani aliyewasha moto?

Mtu mwenye ini bovu hukaa kama nyasi kavu za Septemba. Anaweza kukaa miezi bila kuungua. Akivurugika, karibu kila mara kuna aliyepiga kiberiti, na kazi ya kwanza ya daktari ni kumtafuta huyo. Washukiwa wa kawaida ni hawa:

- kukosa choo kwa siku kadhaa;
- kuvuja damu tumboni, iwe kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami;
- maambukizi: mapafu, mkojo, au maji ya tumboni kuingiliwa na bakteria;
- kuharisha, kutapika, au vidonge vya kukojoa kupita kiasi hadi mwili ukakauka;
- pombe;
- dawa za usingizi na za kutuliza.

Hilo la mwisho linaniuma kuliko mengine. Familia inaona baba hatulii usiku, inakwenda duka la dawa, inapewa vidonge vya usingizi kwa nia njema kabisa. Ubongo uliolewa unaongezewa pombe ya pili. Anatulia kweli, na huenda asiamke. Za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni nazo ni hatari kwake, kwa sababu huumiza figo na kuchochea kuvuja damu. Na dawa za miti shamba zisizojulikana kipimo wala kilichomo, ini lililochoka halina nguvu ya kuzibahatisha.

Vipi kuhusu malaria? Aliyeisema kwenye kikao hakukosea. Kanda ya Ziwa, mtu aliyechanganyikiwa lazima apimwe malaria, na sukari ya damu pia, maana sukari ikishuka mtu huongea ovyo vilevile. Kosa ni kuishia hapo. Kipimo cha malaria kikiwa chanya hakilifuti ini, na kikiwa hasi hakimthibitishi mchawi. Mnywaji aliyeangukia kichwa juzi anaweza pia kuwa na damu iliyoganda ndani ya fuvu. Kwa hiyo swali la kama alianguka lisiachwe.

Hospitali itafanya nini?

Kwa mgonjwa wa Musoma njia ni fupi: Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, ambayo ujenzi wake wakazi waliusubiri kwa miongo. Wa Bunda na Butiama wana hospitali za wilaya za kuanzia. Anayehitaji kupitishiwa kamera kooni na kufungwa mishipa inayovuja hupewa rufaa, mara nyingi kwenda Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma. Usisubiri rufaa ndipo uanze matibabu ya kichwa. Dawa ya msingi haihitaji Bugando.

Muuguzi anamwuliza mama watoto, "Mama, choo anapata?"

"Siku ya nne leo, nesi. Nilisema nyumbani, wakaona ni mambo ya wanawake."

Hiyo ndiyo ilikuwa fununu kubwa kuliko zote kwenye kikao kile. Choo kikikaa, bakteria wanapata siku nne za kupika amonia na mwili siku nne za kuinyonya.

Dawa yenyewe ni laktulosi, sharubati tamu nzito. Ni sukari ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuisaga, hivyo inafika utumbo mpana ikiwa nzima. Huko bakteria huichachusha kuwa tindikali. Tindikali huigeuza amonia kuwa umbo lisiloweza kupenya kurudi kwenye damu, kisha choo laini huitoa nje. Kuanzia 1966, ilipoanza kutumiwa kwa kazi hii huko Uswisi, haijapata mpinzani wa bei yake. Kwa kawaida huanza kwa mililita 15 hadi 30, yaani kijiko kimoja au viwili vya chakula, mara mbili au tatu kwa siku, halafu kipimo kinapandishwa au kushushwa kwa kufuata choo. Lengo ni choo laini mara mbili hadi tatu kwa siku. Sio moja. Wala sio nane. Anayeharisha mara nane anakauka, na kukauka ni kiberiti kingine. Aliyezimia hamiminiwi dawa mdomoni, maana itaingia kwenye mapafu. Hospitali humpitishia kwa mpira au kwa njia ya haja kubwa.

Tumbo litajaa gesi siku za mwanzo, na wanaume wengi huiacha dawa kwa aibu hiyo. Punguza kidogo, changanya na maji au juisi, usiache. Ikiwa mvurugiko unarudi licha ya laktulosi, daktari huongeza antibayotiki inayofanya kazi ndani ya utumbo, hasa rifaksimini. Wakati huohuo aliyewasha moto naye anatibiwa: damu inazuiwa, maambukizi yanapigwa, vidonge vya kukojoa vinapunguzwa. Kichocho kina prazikwanteli, ambayo huua minyoo ingawa haifuti makovu ya zamani. Homa ya ini B ina tenofova, dawa ambayo wengi wanaifahamu kwa upande wa VVU.

Mnyimeni samaki?

Hapa ndipo mbwa wa Pavlov wanaporudi. Kwa kuwa walivurugika baada ya nyama, madaktari wa karne ya 20 waliwakataza wagonjwa protini. Nyumba nyingi bado zinafuata agizo hilo: mzee anapewa uji mtupu na ndizi, samaki wanaliwa na wengine.

Iliyosahaulika ni misuli. Misuli nayo husafisha amonia. Ini likishindwa, misuli ya mapaja na mikono hubeba sehemu ya kazi hiyo. Mnyime mgonjwa protini, mwili unaila misuli yake, na anapoteza forodha ya akiba. Mwaka 2004 madaktari wa Barcelona waliwalinganisha wagonjwa waliolazwa kwa hali hii, wengine wakila protini ya kawaida tangu siku ya kwanza, wengine wakinyimwa mwanzoni. Waliokula hawakuchelewa kupona. Lilikuwa jaribio dogo, wagonjwa 30, lakini lilielekea palepale ambapo matabibu wengi walikuwa wameanza kuona.

Leo ushauri ni gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji kama gramu 72 hadi 90, ambazo hazipatikani kwenye uji. Maharage, kunde, maziwa ya mgando, dagaa, mayai: vyote viko sokoni Nyasho na Bunda. Vya mimea na maziwa huvumiliwa vizuri zaidi na baadhi ya wagonjwa, na nyuzinyuzi za kunde husaidia choo. Mwenye maji tumboni apunguze chumvi, hivyo dagaa waliokaushwa kwa chumvi waachwe. Mlo usiwe mkubwa mmoja bali midogo mingi, na asilale na njaa. Kikombe cha uji wa ulezi wenye maziwa saa tatu usiku kina kazi kubwa kuliko sifa zake, kwa sababu usiku mrefu bila chakula ndio muda mwili unapoila misuli.

Kurudi Makoko

Mzee wetu aliruhusiwa siku ya sita. Alikuwa na aibu ya mkwewe, na alitaka arudi ziwani wiki ileile. Hapana. Mtumbwi wa usiku, pikipiki na panga la kukatia kuni vinasubiri, kwa sababu ubongo huchelewa kupata wepesi wake hata baada ya maneno kunyooka. Pesa za simu kwa sasa anashika mama watoto, wakikaa pamoja kuhesabu ili asione amevuliwa ubaba. Ndugu wameelezwa tena mwanzo mpaka mwisho, wakiwamo waliomtaja jirani.

Mama amenunua daftari dogo na kulitundika kwa kamba kwenye msumari, karibu na chupa ya laktulosi. Kila jioni anaandika choo mara ngapi, usingizi wa usiku ulikuwaje, na wanyama wangapi. Sehemu ya ukurasa wa kwanza inasomeka hivi:

*Jumatatu: choo 1, ametoka nje usiku, wanyama 10. Nimeongeza kijiko kama alivyosema nesi, nimempigia.*

*Jumanne: choo 2, amelala kidogo, wanyama 12.*

*Jumatano: choo 3, amelala, wanyama 14.*

*Ijumaa: choo 3, amelala vizuri, wanyama 19. Anasema nimechoka kuulizwa kama mtoto wa chekechea.*